Binti Asiyevunja Ungo

Kuna maumivu ya tumbo yanayokuja kwa kalenda. Binti ana miaka 13 au 14, matiti yameshatokeza, wenzake wote wamevunja ungo, yeye bado. Lakini kila mwezi, siku zilezile, anajikunja kitandani, kisha yanapoa. Nyumbani wanamchemshia majani, wanasema ni chango. Siku anayofikishwa kwa daktari anayejua pa kutazama, jibu linaonekana kwa macho tu: kizinda, ambacho kwa kawaida huwa na tundu, kwake kimeziba chote. Kimevimba kwa nje, kina rangi ya samawati, kimeelemewa na damu ya miezi kadhaa. Hedhi alikuwa akiipata muda wote huo, ila haikuwa na pa kutokea.

Tiba yake ni ya kale. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliagiza utando huo ukatwe kwa mistari miwili inayopishana kama herufi X. Miaka karibu elfu moja baadaye, katika Andalusia ya Waislamu, tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Córdoba aliwaandikia sura yao wanawake walioziba katika kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, akitenganisha kuziba kwa kuzaliwa na kuziba kunakoletwa na maradhi. Hadi leo wapo madaktari wanaokata X ileile. Ni kazi ya dakika chache, na binti anarudi nyumbani mzima.

Mkato huo haukuwa na la kufanya kwa binti wa pili, yule ambaye haumwi na wala hedhi haiji, na ambaye nyuma ya mlango uliofungwa hamna chumba.

Kumwelewa kulihitaji kwanza kujua viungo hivi hujengwaje. Mwaka 1830 Mjerumani Johannes Müller alieleza mirija miwili inayolala sambamba ndani ya kila mimba changa, ya kike na ya kiume, ambayo tangu hapo inaitwa kwa jina lake. Kwa mtoto wa kike mirija hiyo huteremka, hukutana, huungana, na ukuta uliopo katikati huyeyuka. Hapo ndipo unapatikana mfuko wa uzazi na sehemu ya juu ya uke, na ncha zilizobaki juu zinakuwa mirija ya uzazi. Isipoungana kabisa, mwanamke anakuwa na mifuko miwili. Ikiungana nusu, mfuko unakuwa na pembe mbili. Ukuta ukigoma kuyeyuka, mfuko unabaki na pazia katikati, na wapo wanaoharibikiwa mimba mara kwa mara bila kujua kwamba pazia hilo lipo. Na mirija ikikoma kukua mapema, mfuko haupo kabisa, wala sehemu ile ya juu ya uke.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya Mfaransa Alfred Jost, mwaka 1947, kuonyesha kwa nini mwanamume hana mfuko huo. Alivitoa korodani vijusi vya sungura vikiwa bado tumboni mwa mama zao, na vyote vikaota njia ya uzazi ya kike. Korodani, kumbe, ndizo zinazoifuta mirija ya Müller.

Ovari hazitokani na mirija hiyo. Jambo hili nataka msomaji alishike, maana limewaumiza wengi wasioambiwa. Binti aliyezaliwa bila mfuko wa uzazi kwa kawaida ana ovari zake mbili, homoni zake, mayai yake, na kromosomu za kike kama za dada yake. Ni mwanamke kamili, na hutokea mmoja katika kila wasichana 5,000 hivi wanaozaliwa. Baadhi yao wana figo moja tu, kwa sababu figo hujengwa jirani na mirija hiyo na wakati uleule.

Hali hiyo imebeba majina ya wanaume wanne. Mayer aliieleza mwaka 1829, na Rokitansky wa Vienna mwaka 1838, kutoka kwenye meza ya kupasulia maiti. Küster alifuata mwaka 1910. Mwaka 1961 Hauser wa Uswisi aliitenga na hali nyingine inayofanana nayo kwa nje, ambamo mwili una korodani ndani lakini hausikii homoni za kiume. Karne moja na zaidi kwa ajili ya jina, na katika jina lote hamna mgonjwa.

Tiba nayo ilianza kwa kutengeneza uke. Huko New York mwaka 1898 Robert Abbe alichimba njia na kuitandika ngozi aliyoitoa sehemu nyingine ya mwili. Archibald McIndoe, aliyekuja kusifika kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, aliieneza njia hiyo kutoka London mwaka 1938: ngozi inavishwa juu ya umbo gumu, umbo linaingizwa, na mwanamke anakaa nalo kwa miezi ili jeraha lisijifunge. Mwaka huohuo, Robert Frank wa New York aliandika kwamba kisu si lazima. Mgonjwa wake alishika mwenyewe kijiti laini cha kioo, akakikandamiza pale penye kishimo kidogo, kila siku, akibadili kwenda kikubwa zaidi kadiri nyama ilivyolegea na kurefuka. Leo hii ndiyo njia inayopendekezwa kwanza, na kwa wanaoifuata kwa subira hufaulu kwa zaidi ya 9 kati ya 10.

Lakini soma ripoti za zamani uone mafanikio yalivyopimwa: je, anaweza kuolewa? Mume ameridhika? Mtoto hakutajwa, maana hakukuwa na la kusema.

Swali la mtoto lililetwa na mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Australia, msichana aliyekuwa anatolewa kizazi kwa ajili ya saratani alimuuliza daktari wake Msweden, Mats Brännström, kama hawezi kupandikiziwa kingine, labda cha mama yake. Mwaka 2000 madaktari wa Jeddah walijaribu kwa mwanamke mwingine, na baada ya siku 99 damu ikaganda kwenye mishipa, kikatolewa. Brännström alifanya majaribio kwa wanyama kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuwapandikizia wanawake 9 huko Gothenburg, wengi wao wakiwa wamezaliwa bila mfuko.

Mmoja alikuwa na figo moja. Mfuko alipewa na rafiki wa familia wa miaka 61, aliyekuwa ameshakoma hedhi miaka 7. Septemba 2014, katika wiki ya 31 ya ujauzito, alizaa kwa upasuaji mtoto wa kiume wa gramu 1,775, na dunia nzima ikaandika. Mimi katika ripoti ya madaktari wake husimama mahali pengine, kabla ya mimba. Siku ya 43 baada ya kupandikiziwa, mwanamke huyo wa miaka 35 alivunja ungo.