Tisa bila: mzigo wa Gelsenkirchen ni wa nani?

Mwezi Machi 1974 Zaire ilikwenda Misri kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, ikarudi nalo Kinshasa. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2 hata baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalitiwa kimiani na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa AS Vita Club. Kwa mashindano mazima alifunga 9, na rekodi hiyo bado ni yake.

Miezi mitatu baadaye timu hiyohiyo, chini ya kocha yuleyule, ilipigwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia. Tangu siku hiyo mjadala haujaisha. Wapo wanaosema kocha aliiuza mechi, wapo wanaosema wachezaji waligoma, na wapo waliojiridhisha tu kwamba Mwafrika alikuwa hajajua mpira. Hawa wa mwisho tuwaweke kando mapema, maana historia ya kikosi kile inawasuta.

Golini alikuwa Kazadi Mwamba, na katika safu ya ulinzi walikuwamo Mwepu Ilunga na Bwanga Tshimen, Mwanasoka Bora wa Afrika wa mwaka 1973. Wote watatu walitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ambayo kwa jina lake la zamani la Englebert ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Vita Club ya Kinshasa nayo ilikuwa imetwaa taji hilo mwaka 1973. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mzaliwa wa Skopje, kipa wa zamani wa Yugoslavia aliyekuwemo kwenye kikosi kilichochukua dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Yeye ndiye aliyekuwa na Moroko kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Hapakuwa na mwanagenzi hapo, si benchi wala uwanjani.

Tiketi ya Ujerumani Magharibi ilipatikana Desemba 1973, Zaire ilipoifunga Moroko 3-0 mjini Kinshasa. Hakukuwa na nchi ya kusini mwa Sahara iliyokuwa imewahi kufika huko. Rais Mobutu, ambaye ndiye aliyeibatiza timu jina la Leopards, alifurahi mno. Wachezaji wakagawiwa nyumba na magari. Ni jambo la kupendeza rais akiipenda timu. Taabu huanza pale anapoiona kuwa mali yake, kwa sababu ushindi huwa wake na kipigo hutafutiwa mwenyewe.

Kundi lilikuwa gumu: Uskoti, Yugoslavia na Brazil waliokuwa mabingwa watetezi. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Zaire ilifungwa na Uskoti 2-0. Peter Lorimer na Joe Jordan walifunga kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili kikapita bila bao. Kwa wageni wa mashindano, hayo hayakuwa matokeo ya aibu hata kidogo. Naomba msomaji aikumbuke 2-0 hiyo, kwa sababu kati yake na 9-0 ziko siku nne tu, na ndani ya siku nne hakuna beki anayesahau kukaba wala kocha anayesahau kupanga timu.

Kilichobadilika ndani ya siku hizo, kwa simulizi ya wachezaji wenyewe, ni habari ya fedha. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba kabla ya kukutana na Yugoslavia waligundua kuwa posho zao hazitalipwa. Fedha zilipita mikononi mwa wakubwa waliofuatana na timu, na hazikuwafikia waliozitolea jasho. Wakatishia kutocheza. Mwishowe waliingia uwanjani, ila mioyo yao ilibaki hotelini.

Tarehe 18 Juni, Parkstadion ya Gelsenkirchen. Dakika ya 8 Dušan Bajević akafunga. Dakika ya 14 Dragan Džajić, na dakika ya 18 Ivica Šurjak. Dakika ya 21 benchi la Zaire likafanya jambo lililowaacha watu midomo wazi: Kazadi akaitwa nje, akaingia Dimbi Tubilandu wa Vita Club, kipa mfupi wa kimo mbele ya washambuliaji warefu. Hakuwa ameumia Kazadi. Dakika moja baadaye Josip Katalinski akapachika bao la nne, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira nyavuni.

Wachezaji wa Zaire wakamzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia wakilalamika kwamba bao lile ni la kuotea. Katika msukumano huo mwamuzi akapigwa teke kwa nyuma. Alipogeuka alimwonyesha kadi nyekundu mchezaji mwenye jezi namba 13, yaani Ndaye Mulamba, ambaye hakuwa amemgusa mtu. Teke lilikuwa la Mwepu, namba 2, na mwenyewe alikuja kukiri. Basi ndani ya dakika mbili hivi Zaire ilipoteza kipa wake namba moja, ikafungwa bao la nne, na ikanyang'anywa mfungaji bora wa Afrika kwa kosa la mtu mwingine. Kufikia mapumziko ilikuwa 6-0. Kipindi cha pili, wakiwa kumi, wakaongezwa matatu.

Minong'ono ilianza hapohapo. Kocha ni Myugoslavia, mpinzani ni Yugoslavia, na kipa bora ametolewa bila jeraha: nani asingehesabu vidole? Vidinić alikana. Alisema baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa afisa wa wizara ya michezo aliyeambatana na timu. Mimi nina sababu moja ya kumwamini: mechi iliyofuata, Kazadi alirudi golini. Kocha aliyepoteza imani na kipa wake hamrudishi siku nne baadaye mbele ya Brazil. Lakini utetezi huo haumwachi salama. Alikuwa kipa maisha yake yote ya uchezaji, akijua vizuri kwamba mabao matatu ndani ya dakika kumi na nane huanzia mbele ya kipa, kwa mabeki waliochoka roho. Alilijua hilo na bado akatii.

Usiku wa kipigo, kwa maelezo ya Mwepu, walinzi wa rais walifika hotelini, wakawazuia waandishi wa habari kuingia, wakatoa onyo: mkifungwa na Brazil manne, hakuna atakayerudi nyumbani. Upande wa pili, Brazil ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao matatu ili kuivuka Uskoti. Kwa hiyo tarehe 22 Juni timu hizo mbili ziliingia uwanjani zikihesabu mabao yaleyale, moja ikiyatafuta matatu na nyingine ikiliogopa la nne. Jairzinho alifunga, kisha Rivellino, na dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti ambalo Kazadi siku nyingine angelidaka bila shida. Ikawa 3-0, na ikaishia hapo. Uskoti ikarudi nyumbani bila kufungwa mechi hata moja.

Kuelekea mwisho wa mchezo huo Brazil walipata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Filimbi ya mwamuzi Nicolae Rainea ilipolia, Mwepu alichomoka mbio kutoka kwenye ukuta, akaubutua mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa, akaoneshwa kadi ya njano. Dunia ilicheka. Mtu aliyecheza fainali za Afrika hawezi kuwa hajui sheria ya mpira wa adhabu. Mwepu aliwahi kusema alitaka kutolewa kwa kadi nyekundu, kwa kuwa hakuona sababu ya kuumia kwa ajili ya watu waliokula fedha zake. Safari nyingine alisema alikuwa anapoteza muda. Sioni maelezo hayo yakigongana. Mtu mwenye hasira na hofu kwa pamoja anaweza kuwa na sababu zote mbili.

Nyumbani hakuna aliyewalaki. Wachezaji wamesimulia kwamba mlango wa kwenda kucheza Ulaya ulifungwa kwao. Ndaye alitunukiwa na Shirikisho la Soka Afrika mwaka 1994 nchini Tunisia. Aliporejea, majambazi waliodhani amerudi na fedha walimpiga risasi mguuni, akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998 zilivuma habari za uongo kwamba amekufa, na nchini Burkina Faso watu walisimama kimya kwa heshima yake. Alifariki kweli Januari 2019. Mwepu alimtangulia, mwaka 2015.

Sasa lawama. Vidinić ana la kujibu kwa dakika ya 21, kwani kocha anayepangiwa kipa akakubali amekwisha kukabidhi timu. Mwepu ana la kujibu kwa teke lile, ambalo Ndaye alililipia. Tubilandu hana kesi, alirushwa tu kwenye moto. Lakini hayo mawili kwa pamoja hayafikishi mabao tisa. Sehemu kubwa ya mzigo ni ya waliozikalia posho, kisha wakatuma walinzi hotelini badala ya mhasibu.

Wala haikuwa nchi isiyo na fedha. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo wa 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya pambano hilo.