Baada ya Tiba, Nani Atamshika Mkono Mraibu wa Mpanda?

Historia ya tiba ya uraibu Tanzania Bara tumezoea kuisimulia kama historia ya kliniki. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Baadaye huduma ikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba kliniki ni nusu ya safari.

Nusu ya pili ina historia yake. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, walevi wote wawili, walibaini kwamba mlevi hupata nguvu ya kuacha pombe anapomsaidia mlevi mwenzake. Hapo ndipo ilipoanzia njia ya Hatua 12, ambayo Zanzibar imetumika katika nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliopitia uraibu wenyewe.

Je, Katavi? Mpanda ni mji uliokuzwa na wageni: wachimbaji wa madini ya risasi walioletewa reli kutoka Kaliua, kisha wakimbizi wa Burundi waliopokewa Katumba na Mishamo miaka ya 1970. Methadoni haitibu ulevi wa gongo. Anayetoka hospitalini akiwa amelevuka hurudi mtaa uleule, pengine mbali na ukoo wake. Asipopata kundi jipya, la zamani linamsubiri kilabuni.

Atasema nani, wakati gongo ni haramu na kukiri kunafanana na kujishtaki? Swali hilo si geni. Ndiyo maana vikundi vya mwanzo viliweka mwiko wa kutotaja majina kamili wala kutoa nje yaliyosemwa ndani.

Nasi tuna mfano wetu. Unyanyapaa wa UKIMWI haukupunguzwa na dawa pekee. Watu wanaoishi na VVU waliunda vikundi na konga, wakakumbushana vidonge na kutembeleana.

Kikundi hakihitaji jengo la mabilioni. Kinahitaji chumba, siku maalumu ya juma, na mganga anayekataa kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kabla ya kumkutanisha na aliyemtangulia kupona. Halmashauri zetu zikishindwa hata hilo, tusiwalaumu wanaorudi kwenye chupa. Tutakuwa tumewarudisha sisi.