Simu ya Shamba: Jinsi Mteja wa Soy Alivyojichagulia

Eldoret ilianzia posta. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua ofisi ya posta kwenye shamba nambari 64 la uwanda wa Uasin Gishu, mji ukaota kuizunguka, na Agosti 2024 ukatawazwa kuwa jiji. Lakini kwa mtu wa Soy, mbele kwenye barabara ya kwenda Kitale, mawasiliano yaliendelea kuwa safari kwa muda mrefu wa karne ya ishirini. Barua yako ilipitia sanduku la shule au la kanisa, nayo ilikufikia mwalimu alipokumbuka. Simu ilikuwa ya kibanda mjini: unapanga foleni na sarafu mkononi, ukiomba aliye mbele yako asiwe na mchumba Nairobi.

Simu ya mkononi ilipoingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya shirika la serikali la Posta na Simu, haikuwa imemlenga mtu huyo. Kifaa chenyewe kiliuzwa kwa takriban Sh250,000. Kwa pesa hizo wakati ule mkulima angejaza zizi. Hadi mwaka 1999, nchi yenye watu zaidi ya milioni 28 ilikuwa na wateja wa simu za mkononi wasiofika elfu 20, na simu yenyewe ilionekana zaidi kwenye kiti cha nyuma cha Mercedes kuliko sokoni Ziwa au Moi's Bridge.

Mambo yaligeuka mwaka 2000. Agosti ilikuja kampuni ya simu ya Kencell, Oktoba ikafuata Safaricom, ambayo Vodafone ya Uingereza ilikuwa imechukua asilimia 40 ya hisa zake. Hapo ndipo mnunuzi wa huku alipoanza kuonyesha akili yake, na alianza na laini kabla ya kufika kwenye simu yenyewe. Kencell ilikata pesa kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mfanyabiashara wa jijini tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Kwa mkulima ilikuwa ndiyo habari yote, kwa sababu mazungumzo ya mkulima ni mafupi. Lori limefika? Limefika. Magunia mangapi? Themanini. Kwisha. Ukitozwa dakika nzima kwa maneno hayo, umeibiwa.

Na kama hata hayo yangeweza kuelezwa bila kulipia, yalielezwa hivyo. Mtu aliflash, yaani alipiga na kukata kabla ya kupokewa: mara moja kumaanisha nimefika, mara mbili kumaanisha nipigie. Michael Joseph, mkurugenzi wa kwanza wa Safaricom, aliwahi kushangaa hadharani kwamba Wakenya wana mtindo wa ajabu wa kupiga simu, na watu wakachukizwa. Binafsi naona walichukizwa bure. Alikuwa ameona kitu cha kweli, ila alikitazama kutoka upande wa kaunta. Ukikitazama kutoka upande wa mteja, hakikuwa na ajabu yoyote: ilikuwa hesabu.

Kisha ikaja simu ambayo, ukiniuliza mimi, ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote mashambani. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya vipande milioni 250 duniani. Haikuwa na kamera wala rangi. Ilikuwa na kibodi cha mpira kisichoingiza vumbi, mgongo usioteleza mkononi, na tochi kichwani. Watu wa matangazo wangeiona tochi kama kikorombwezo. Mama anayekamua saa kumi na moja asubuhi, mkono mmoja kwenye chuchu na mwingine kwenye ndoo, aliiona tofauti. Anaibana simu kati ya kidevu na bega, mwanga unaangukia pale pale anapouhitaji, na mafuta ya taa ya koroboi hayaishi. Simu za aina hiyo zikabatizwa mulika mwizi, na wezi wa mahindi wa wakati huo wanajua kwa nini.

Tochi ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa betri. Vijiji vingi havikuwa na stima, hivyo simu ilipelekwa kituoni kuwekwa moto kwa ada ndogo. Duka la kuchaji lilikuwa na ubao wenye nyaya kama mizizi, na kila simu ilifungwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Wajanja hawakuacha simu hapo. Walitoa betri peke yake, wakaiacha ibanwe kwenye ile chaja ndogo yenye vidole viwili vya chuma na taa ya kumetameta, wakarudi na simu mfukoni ikiwa na betri ya pili. Betri ya Nokia 1100, BL-5C, ilienea kiasi kwamba viwanda vya China viliunda redio ndogo na spika za kuitumia. Ukiwa nayo moja nzuri, ulisikiliza taarifa ya habari kwenye redio, kisha ukaihamishia kwenye simu kumpigia mwanao.

Kwa hiyo swali la dukani halikuwa kamera ina ukubwa gani. Lilikuwa: kijana, hii inakaa na moto siku ngapi? Na la pili: ikiharibika, fundi wa hapa kituoni ana spea? Simu isiyojibu maswali hayo mawili ilirudi kwenye kabati la kioo, hata ingekuwa imetoka London.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na hapa mteja wa kabambe, ile simu ya kawaida isiyo janja, alipata bahati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Huduma ile iliwekwa ndani ya laini yenyewe, si ndani ya simu. Aliyekuwa na kifaa cha bei ya chini kabisa alituma pesa sawa na aliyekuwa na simu ya gharama. Kama ingehitaji intaneti, Soy ingesubiri miaka.

Haikupita hata mwaka, ikaja Januari 2008 na ghasia za baada ya uchaguzi. Uasin Gishu iliungua. Maduka yalifungwa, barabara zikawekwa vizuizi, kadi za kukwaruza zikakosekana au zikauzwa juu ya bei iliyochapishwa. Jamaa waliokuwa mbali walituma salio kwa huduma ya Sambaza, na salio lenyewe likawa kama pesa kwa mtu aliyekwama. Simu hizo hizo zilibeba pia jumbe za chuki, zikisambazwa kutoka mkono hadi mkono, hadi kampuni za simu zikaanza kutuma jumbe za kuhimiza amani. Wengi huku hawapendi kuyarudia hayo. Lakini historia ya simu Uasin Gishu ikiruka mwezi huo haitakuwa historia.

Mwaka 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu, na milango ikafunguka. Ziliingia simu za China zenye kelele: spika tatu, antena ya televisheni ya kuvuta, nafasi ya laini mbili au hata nne, na majina yaliyokaribia Nokia kwa herufi moja. Nyingi zilikuwa feki. Hata hivyo zilijibu hitaji ambalo wakubwa walichelewa kulisikia. Agosti 2010 Zain, ambayo ndiyo Kencell ya zamani na Airtel ya leo, ilishusha gharama ya kupiga simu hadi Sh3 kwa dakika kwa mitandao yote. Sasa mtu alitaka laini moja ya kupigia na nyingine ya M-Pesa, zote ndani ya mfuko mmoja. Tecno ilijenga jina lake Afrika juu ya hitaji hilo hilo.

Gharama ya feki ililipwa usiku wa Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano ilipoagiza simu zenye nambari bandia za utambulisho zizimwe. Takriban milioni 1.9 zilikufa nchini kwa mpigo. Wiki kabla ya hapo watu walikuwa wakibonyeza *#06#, wakinakili tarakimu 15 na kuzituma kwa 1555 kuuliza kama simu yao ni halali. Ni vyema kukumbuka aliyeumia ni nani. Aliyeagiza kontena alikuwa amekwisha kulipwa. Muuzaji alikuwa amefunga kibanda. Hasara ilibaki na mnunuzi ambaye hakuwa amepewa njia ya kujua mapema, hadi alipoambiwa amechelewa.

Simu janja zilikuja polepole. Ideos ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom kuanzia mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 kwa takriban Sh8,000, iliwafungulia wengi mlango. Vijana walizipenda. Wazee walizikataa kwa sababu moja: zilizima kabla ya jua kutua. Stima ilipoanza kuwafikia wengi na betri zikakua, pingamizi hilo likafifia. Leo ujumbe wa mbolea ya ruzuku humfikia mkulima kwenye kabambe, lakini bei ya mahindi, picha ya ndama mgonjwa na harambee ya mazishi viko WhatsApp. Ndiyo maana nyumba nyingi zina simu mbili kwa mtu mmoja.

Badiliko ninalolitilia shaka ni la mkopo. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo uliweka takriban Sh1,000, kisha Sh20 kwa siku, na usipolipa simu ilijifunga. M-Kopa, iliyoanza kwa kukopesha taa za sola, nayo inauza simu kwa mtindo huo. Zimewapa simu janja watu ambao hawangezigusa, hilo silikatai. Lakini zimebadilisha swali la kaunta. Badala ya inakaa na moto siku ngapi, sasa mnunuzi anauliza kwa siku ni ngapi. Hilo ni swali la muuzaji, na ndilo analopenda kujibu, kwa sababu jumla ya pesa hufichika ndani yake. Mteja aliyekwepa kutozwa dakika nzima mwaka 2000 angeitaka jumla hiyo kwanza.

Basi, ukienda kuchukua simu ya mkopo Ziwa, Moi's Bridge au Eldoret kwenyewe, mwambie muuzaji akuandikie kwenye risiti bei yote hadi siku ya mwisho, bei ya simu hiyo hiyo kwa pesa taslimu, na kitakachotokea ukikosa kulipa wiki moja wakati wa kupanda. Bonyeza *#06# ulinganishe nambari na iliyo kwenye boksi kabla ya kutoa shilingi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachonunua. Asipokuandikia, nenda duka linalofuata.