Bustani Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa mtoto wa Sunday school, Hekalu la Sulemani kwangu lilikuwa dhahabu na basi, kama sebule ya mtu aliyepata pesa juzi. Majuzi nikarudia Wafalme wa Kwanza, nikakwama ukutani: makerubi, mitende na maua yaliyochanua, yamechongwa kwenye mbao kisha yakafunikwa dhahabu. Huko nje, nguzo mbili za shaba zimepambwa kwa makomamanga 400.

Ukiyaweka pamoja unapata bustani. Kitabu cha Mwanzo kinasema Adamu alipofukuzwa Edeni, makerubi waliwekwa mashariki walinde njia ya mti wa uzima. Mlango wa Hekalu nao ulitazama mashariki. Kwa hivyo kuhani akiingia, alikuwa anarudi alikotoka Adamu, akiwapita walinzi wale wale.

Sasa jiulize, nani aliruhusiwa kuingia? Makuhani pekee. Chumba cha ndani kabisa ni kuhani mkuu tu, mara moja kwa mwaka. Na mierezi ya kuta zile? Sulemani alilazimisha wanaume 30,000 wa Israeli waende Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Jengo lilipokamilika, wao walibaki nje.

Mwaka 586 KK Wababeli walilichoma. Mimi niliacha chuo karo ikinishinda, na bado hupita karibu na geti lile. Nikisoma kuhusu maua yale, huwawazia kwanza waliobeba mbao.