Kodi tatu za kuanzia gitaa: D, G na A7

Msikilizaji wetu mmoja wa Litumbandyosi alituma ujumbe wakati wa kipindi cha nyimbo za zamani. Mpiga gitaa wa kwaya yao amehamia Songea, gitaa limebaki likining'inia ukutani, na yeye aliyejitolea kulishika ana umri wa miaka 27 na wiki tatu tu za mazoezi. Vidole vinamuuma, sauti inatoka kama ya debe, na wenzake wameanza kusema bora waimbe bila ala. Anauliza kama amechelewa. Hewani nilimjibu kwa sekunde chache kabla ya matangazo ya vifo. Jibu lenyewe ni hili.

Hujachelewa, lakini kabla ya kulaumu vidole, kagua gitaa. Mimi niliacha kujifunza kwa miaka miwili nikiamini sina kipaji, kumbe gitaa la kuazima nililokuwa nalo lilikuwa na nyuzi zilizoinuka mno juu ya shingo. Hata fundi mzoefu angelia. Hesabu freti hadi ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni), kisha pima nafasi kati ya chuma na uzi. Milimita mbili au tatu ni sawa. Ikizidi nne, utaumia bure. Kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi upande wa tumboni hutolewa na kusuguliwa kwa chini na msasa: ukipunguza milimita mbili pale, kwenye freti ya 12 uzi unashuka milimita moja. Seremala makini anaweza. Nyuzi zenye kutu zitupwe, na waya wa breki ya baiskeli usiwe badala ya uzi uliokatika. Na gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe za chuma, maana zitaling'oa kile kibao kinachozishika.

Maumivu ya kawaida ya ncha za vidole ni jambo jingine, nayo hupungua baada ya wiki chache ngozi ikishakomaa. Sugu za jembe hazisaidii, ziko kiganjani. Robo saa kila siku inafaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Sasa kodi zenyewe (si zile za TRA). Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na mwanakwaya anazijua tayari bila kujua kwamba anazijua. Kwenye zile nota za sol-fa mnazosoma mazoezini, do, mi na so zikiimbwa pamoja ni kodi. Fa, la na do ni ya pili. So, ti na re ni ya tatu. Hesabu tena: sauti zote saba za ngazi zimo ndani ya kodi hizo tatu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za ibada, na nyingi za dansi, zinabebwa na kodi tatu tu. Malaika, uliotamba kupitia Fadhili William na Miriam Makeba, unapigika kwa hizo hizo.

Tukiifanya D kuwa do, basi G ni fa na A ni so. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na goti, wa sita ni ule mnene wa juu.

D: kidole cha shahada kikae uzi wa tatu freti ya pili, cha kati uzi wa kwanza freti ya pili, cha pete uzi wa pili freti ya tatu. Charaza kuanzia uzi wa nne kushuka. A7 ni rahisi zaidi: cha shahada uzi wa nne freti ya pili, cha kati uzi wa pili freti ya pili, charaza kuanzia uzi wa tano. Hiyo saba inaongeza fa juu ya so, ti na re, nayo ndiyo inayofanya sikio litamani kurudi nyumbani kwenye D. G ina kazi kidogo: cha shahada uzi wa tano freti ya pili, cha kati uzi wa sita freti ya tatu, cha pete uzi wa kwanza freti ya tatu, nyuzi zote sita zilie. Kidole kisikae juu ya chuma, kiwe nyuma yake kidogo. Kisha piga uzi mmoja mmoja. Ukikuta ulio bubu, kuna kidole jirani kinachougusa.

Hapo ndipo wengi hudhani wamemaliza, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kujua D na kujua A7 si kitu. Kutoka D kwenda A7 bila wimbo kusimama ndiyo gitaa. Weka saa ya simu dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi kwa usafi, andika, kesho rudia. Ukifika mara 30, anza kuimba juu yake. Mkono wa kucharaza usisimame hata kama vidole vimechelewa. Waimbaji watakusamehe kodi chafu, hawatakusamehe mdundo uliokatika. Kwenye bendi za dansi hiyo ni kazi ya mpiga ridhimu. Watu walimshangilia Mbaraka Mwinshehe kwa solo, lakini kuna aliyekuwa nyuma akishikilia kodi usiku kucha.

Kutyuni kunaweza kufanywa kwa programu ya simu. Simu ikizima, bana uzi wa sita freti ya tano, ulie sawa na wa tano ulio wazi. Fanya hivyo hivyo kushuka, isipokuwa uzi wa tatu unabanwa freti ya nne kupata wa pili. Fanya kila unapolishika gitaa. John Lennon wa Beatles alianza na gitaa la bei nafuu la Gallotone kutoka Afrika Kusini, akipiga kodi za banjo alizofundishwa na mama yake. Vidole vilijifunza upya baadaye.

Kodi ya F, ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote, iache kwa miezi kadhaa. Vivyo hivyo mtindo wa dole gumba na kidole cha shahada wa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa Masanga na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Katanga. Usikilize, ufurahie, usiujaribu bado.

Na kama kwaya inaimba juu zaidi ya D, nunua kapo, kile kibanio cha shingoni. Ukikifunga freti ya pili, vidole vinashika D ile ile, sauti inatoka E.