Ada ya Taarifa za Shehena Iendayo Marekani

Kwa miaka mingi manifesti, yaani orodha ya shehena iendayo Marekani, ilikabidhiwa forodha meli ikiwa imefika au inakaribia bandari, na gharama ya kuiandaa ilijificha ndani ya nauli. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalizua hofu ya silaha kufichwa kwenye kontena. Kuanzia Desemba 2, 2002, kanuni mpya ya forodha ya Marekani ilitaka taarifa zifike saa 24 kabla ya kontena kupakiwa katika bandari ya ng'ambo. Maelezo ya juujuu kama "bidhaa mchanganyiko" yalikataliwa, na kontena lenye maelezo hayo lingeweza kuzuiwa lisipandishwe melini.

Kanuni ilimtaja anayewajibika kuwasilisha: kampuni ya meli, au wakala mkusanyaji wa mizigo aliyejiunga na mfumo wa forodha. Nani agharimie, haikusema. Kampuni nyingi za meli zikaanza kutoza dola 25 kwa kila hati ya shehena. Kwa mwenye kontena zima, hizo zilikuwa pesa ndogo. Lakini wateja ishirini wakichangia kontena moja, kila mmoja huwa na hati yake, na mwenye katoni tatu hutozwa sawa na mwenye tani tatu. Mfanyabiashara mdogo ndiye aliyeumia zaidi.

Mvutano mkubwa ulikuwa katika mauzo ya FOB, ambamo muuzaji hukabidhi mzigo ukiwa melini. Humo mnunuzi ndiye hulipa nauli, kwa hiyo ada hii ilistahili kuwa yake. Lakini kazi hufanyika bandari ya kupakia, na huko wakala huzuia hati ya shehena mpaka alipwe. Muuzaji anaihitaji hati hiyo ili benki imlipe; wengi walilipa tu, haki au si haki.

Januari 26, 2009 ikaja kanuni ya "10+2". Vipengele kumi, kuanzia jina la mtengenezaji hadi mahali kontena lilipojazwa, vilikuwa juu ya mwagizaji. Viwili juu ya kampuni ya meli. Faini ya dola 5,000 kwa kosa ilimwelekea mwagizaji, na ada ya uwasilishaji huo kwa kawaida ikaishia kwake. Incoterms 2010, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo zilizoanza Januari 1, 2011, zikaweka wazi kwamba muuzaji wa FOB humpa mnunuzi taarifa za usalama anazoziomba, kwa gharama ya mnunuzi. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulianza kudai taarifa kabla ya kupakia. Japani ikafuata mwaka 2014.