Jina Ndani ya Wimbo: Utunzi na Usambazaji wa Muziki wa Kidijitali Mpanda na Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia safari ya wimbo uliorekodiwa, kutoka kaseti hadi memori kadi na hatimaye intaneti, kwa kurejelea Mpanda na Mkoa wa Katavi. Hoja yake kuu ni kwamba pale wimbo unaponakiliwa bila jalada wala hati, jina la mtunzi hudumu endapo limeimbwa ndani ya wimbo wenyewe. Desturi hiyo ya fasihi simulizi, hususan katika nyimbo za Wasukuma, imefanya kazi ambayo mfumo rasmi wa hakimiliki umeshindwa kuikamilisha.

1. Utangulizi

Historia ya muziki wa kidijitali nchini Tanzania husimuliwa zaidi kutoka Dar es Salaam. Simulizi huanza na Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa redio binafsi, ikapitia kuchipuka kwa Bongo Fleva, ikafika kwenye kebo ya SEACOM ya mwaka 2009 na kuishia kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni. Katika simulizi hiyo, mikoa ya magharibi huonekana kama kituo cha mwisho, mahali panapopokea kilichokwisha kuamuliwa kwingineko. Mtazamo huo unaficha jambo la msingi: wimbo wa kidijitali ulienea vijijini kabla ya intaneti kufika, na uliwafikia wasikilizaji waliokuwa tayari na kanuni zao za kumtambua mtunzi.

2. Wasikilizaji wa Mpanda

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, lakini jamii ya wasikilizaji wake ni matokeo ya mikondo ya muda mrefu zaidi. Wenyeji ni pamoja na Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ilileta vibarua na wafanyabiashara. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi Katumba na, kuanzia mwaka 1978, Mishamo. Katika miongo hiyohiyo, Wasukuma walianza kuhamia kusini na mifugo yao wakitafuta malisho na mashamba, wakaenea katika mabonde ya Mpimbwe na maeneo ya jirani.

Kwa hiyo Mpanda ni mji ambamo Kiswahili ni lugha ya wote, ilhali nyimbo zinazopendwa nyumbani huimbwa kwa lugha mbalimbali. Mhamaji wa Kisukuma hakuacha muziki wake Shinyanga au Mwanza. Aliuhitaji zaidi ugenini, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na habari za ukoo, za msimu na za mashindano ya ngoma.

3. Kutoka kaseti hadi memori kadi

Kaseti ilikuwa chombo cha kwanza kumpa msikilizaji wa kijijini uwezo wa kunakili wimbo mwenyewe. Hata hivyo, kila nakala ilipunguza ubora wa sauti, na kaseti halisi ilikuwa na jalada lenye jina la msanii. Faili la mp3 liliondoa mambo yote mawili. Nakala ya mia ina sauti ileile ya nakala ya kwanza, lakini haina jalada.

Kibanda cha kuingizia nyimbo ndicho kilichokuwa duka la muziki, maktaba na kituo cha usambazaji kwa pamoja. Mteja huleta memori kadi au flashi, hulipa fedha kidogo, na mwenye kompyuta humjazia nyimbo kwa makundi: Bongo Fleva, injili, za asili, za Kikongo. Kutoka hapo wimbo husafiri kwa Bluetooth kati ya simu na simu, kisha hupigwa kwenye redio ndogo zinazochajiwa kwa umeme wa jua, machungani na mnadani. Mpanda kwa miaka mingi ilipata umeme kutoka kwenye jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kwa sababu hiyo chombo kidogo chenye betri hakikuwa mbadala duni wa intaneti. Kilikuwa ndiyo njia kuu.

Katika safari hiyo jina la faili huharibika. Neno la Kisukuma ng'wana, lenye maana ya “mtoto wa”, ambalo waimbaji wengi hulitumia kujitambulisha kwa jina la mzazi, huandikwa ngwana, ngwna au mwana, kutegemea anayechapa. Mara nyingine faili huitwa “Track 05”. Intaneti ilipoenea, majina hayo yaliyopotoka yalipandishwa mtandaoni yalivyo, na mtu anayemtafuta msanii kwa tahajia moja hazipati kazi zilizowekwa kwa tahajia nyingine.

4. Sahihi iliyoimbwa

Kilichosalia ni sauti, na humo mtunzi alikuwa amekwisha kujiandikisha. Mashindano ya Wagika na Wagalu, jumuiya mbili za ngoma zinazonasibishwa na mafundi wa dawa Ngika na Gumha wa karne ya 19, yalimlazimu kiongozi wa ngoma kujitaja, kujisifu na kumtaja mpinzani wake, maana bila jina hapakuwa na ushindi. Utafiti wa Songoyi (1988) kuhusu Kalikali na Mwinamila, na mkusanyo wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliofanywa na Gunderson (2010), unaonesha jinsi utunzi wa mtu binafsi ulivyotambuliwa katika fasihi ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa haina mwenyewe.

Desturi hii ina ndugu yake pwani. Watunzi wa tenzi walizoea kutaja jina, idadi ya beti na tarehe katika beti za mwisho, kwa kuwa walijua kwamba mnakili angeweza kupoteza ukurasa wa mbele. Tofauti iko katika mahali pa jina. Sahihi ya utenzi hukaa mwishoni. Mwimbaji wa Kisukuma hulirudia jina lake wimbo mzima, pamoja na kijiji chake na majina ya waliomtunza. Tofauti hiyo ina uzito katika zama za kidijitali. Anayeunganisha nyimbo kuwa miksi hukata mwanzo na mwisho. Jina lililowekwa mwishoni hupotea. Lililotawanywa katika beti zote hubaki.

Studio nazo zimejifunza mbinu hiyo kwa kutia chapa ya sauti mwanzoni mwa wimbo. Matokeo yake ni kwamba jina la studio huweza kudumu hata pale la mtunzi lilipofutika.

5. Sheria iliyofuata chombo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliiweka COSOTA kuwa msimamizi wa haki za wasanii. Mwaka 2013 kazi za muziki na filamu zilianza kubandikwa stempu za kodi. Hatua hiyo ilikusudia kumlinda msanii dhidi ya nakala haramu, lakini stempu hubandikwa kwenye kasha la CD, na wakati huo wimbo ulikuwa tayari unahama kutoka kwenye kasha. Faili linaloruka kati ya simu mbili halina mahali pa kubandikwa kitu.

6. Hitimisho

Hata hivyo, sahihi iliyoimbwa haimlindi kila mtu. Nyimbo za harusi na za kubembeleza watoto, nyingi zikiwa za wanawake, kwa kawaida hazina desturi ya kujitaja. Zinaporekodiwa kwa simu na kusambazwa, huingia mtandaoni kama “ngoma ya asili”, bila mtunzi, bila kijiji, na wakati mwingine bila kutajwa lugha yake. Kwa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao kazi zao zilizorekodiwa ni chache, hasara hiyo ni kubwa zaidi. Na memori kadi ikiharibika, hakuna hifadhi nyingine.

Mhakiki wa fasihi simulizi ana wajibu mahususi hapa: kunukuu majina yanayotajwa ndani ya wimbo kama ushahidi wa utunzi, kutoyakata katika uhariri, na kuuliza jina pale ambapo wimbo umenyamaza, angali yupo anayeweza kujibu.